Mwenye Mbwa na Mshika Kamba

Ahero ni mji wa mpunga. Msafiri atokaye Kisumu kwa barabara ya Nairobi huufikia upesi, mahali barabara ya Kisii inapochepuka kuelekea kusini, na jambo la kwanza limkabililo ni magunia ya mchele yaliyopangwa kando ya njia, na sauti za wauzaji. Nyuma ya maduka umelala Uwanda wa Kano, tambarare kama sakafu, na katika sehemu yake imo mifereji ya maji ya Mto Nyando, iliyoenea tangu mradi wa kumwagilia mashamba ulipoanzishwa mwaka 1969. Watu huja hapa kwa mchele, kwa biashara, kwa kubadili gari. Na wakati wa mafuriko huja kuwasaidia walioharibikiwa. Sijasikia habari ya mtu aliyekuja Ahero kutazama mbwa. Hata hivyo mimi, niliyefundisha katika sehemu hizi kwa miaka mingi, nimewatazama sana, na zaidi ya mbwa wenyewe nimewatazama watu wanaowashika. Katika kurasa hizi nataka kueleza niliyoyaona kwao, hapa kwetu na mbali na kwetu.

Nianze na lugha. Kiswahili hakikumtendea mbwa kwa ukarimu. Kilikulia pwani, katika miji ya Waislamu, ambako mtu aliyeguswa na mate ya mbwa ana kazi ya kujitoharisha kabla ya sala, na kwa hiyo mbwa hakukaribishwa barazani. Kumwita mtu mbwa ni tusi lisilohitaji kuongezwa neno. Huku bara, kando ya ziwa, mbwa ana makazi mengine. Hulala mlangoni pa jiko, hufuatana na watoto wachungao ng'ombe, huwafukuza kenge wajao kuiba mayai ya kuku, na usiku, viboko wapandapo kutoka majini kuingia katika mashamba, sauti yake ndiyo iwaamshayo watu. Mbwa huyu wa kwetu si mkubwa. Manyoya yake ni mafupi, rangi yake aghalabu ni ya mchanga au ya udongo, na mbavu zake zahesabika. Jina lake mara nyingi ni Simba. Nami nimepata kuwajua Simba sita katika kijiji kimoja, wote waoga.

Je, mbwa huyo ni wa nani? Ukimwuliza mtoto wa boma lolote atakujibu bila kufikiri: ni wa baba, au ni wa babu. Desturi imemweka mbwa katika hesabu moja na ng'ombe, plau na ua wa boma. Ni mali ya mwenye mji. Walakini tazama jioni, sufuria inapokwanguliwa. Anayekwangua ukoko wa ugali na kuutupa pembeni ni mama, au binti aliyetumwa na mama. Anayetupa miiba ya samaki ni nyanya. Anayemtoa kupe masikioni ni mtoto aliyekosa mchezo mwingine. Basi mbwa huwa na mwenyewe kwa jina, na huwa na mwenyewe kwa mkono, na watu hao wawili huweza kukaa katika boma moja miaka kumi pasipo mtu kutambua kwamba ni wawili. Tofauti hiyo hudhihirika siku mbwa anapotakiwa kufungwa kamba na kupelekwa mbele za watu.

Mara ya kwanza niliiona waziwazi mjini Nairobi. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alifanya kazi miaka mingi katika nyumba moja ya tajiri viungani mwa jiji hilo, nyumba yenye kibao langoni kilichoandikwa "Mbwa Kali", kibao ambacho kila mwalimu wa Kiswahili hutamani kukisahihisha kwa chaki. Mjomba aliajiriwa kuwa mtunza bustani, akaishia kuwa mtunza mbwa, kwa sababu mbwa wenyewe walimchagua. Walikuwa wawili, wa aina ya German Shepherd, wakubwa, weusi migongoni. Yeye ndiye aliyewapikia nyama na unga, aliyewaogesha, aliyewachana manyoya, na aliyekesha nao walipougua. Mwenye mbwa alikuwa mama wa nyumba ile. Niseme mapema kwamba alikuwa mtu mwema, asiyechelewesha mshahara. Wala sitaki msomaji amchukie. Siku moja mama huyo aliazimia kumwingiza mbwa wake mdogo katika maonyesho, na mjomba akanipatia nafasi ya kwenda kutazama.

Maonyesho ya mbwa nchini Kenya husimamiwa na chama kiitwacho East Africa Kennel Club, na hayo niliyoyaona yalifanywa katika uwanja wa Jamhuri Park, Nairobi. Kwa msomaji ambaye hajapata kuyashuhudia, nieleze kidogo. Hayafanani na mashindano ya mbio. Juu ya nyasi huzungushwa kamba kufanya ua, na ndani ya ua husimama mwamuzi. Washika kamba huingia na mbwa wao kwa mstari, kila mbwa akiwa upande wa kushoto wa mtu wake. Mwamuzi humtazama mbwa amesimama, kisha humkaribia, humpapasa kichwa, mabega, uti wa mgongo na mapaja, humfunua midomo akague meno. Halafu humwomba mshika kamba atembee naye, aende na kurudi, azunguke ua, ili aone miguu inavyotupwa. Kila mbwa hupimwa kwa maelezo yaliyoandikwa ya aina yake: masikio yaweje, mgongo uteremkeje, macho yawe ya rangi gani. Yote hayo huchukua dakika mbili au tatu, na katika dakika hizo mnyama lazima akubali kwamba mtu asiyemjua kabisa amtie vidole kinywani.

Hapo ndipo kazi ya mshika kamba ilipo, na ni kazi kubwa kuliko ionekanavyo. Kamba hutakiwa ilegee. Mtu akiwa na hofu mkono wake hukaza, na hofu hiyo hushuka kwa kamba mpaka shingoni mwa mbwa, naye huanza kukunja mkia, kurudi nyuma, au kukenua meno. Mshika kamba mzuri huyapima matembezi yake kwa mbwa, akaongeza mwendo pale mbwa anapopendeza akienda mbio, akapunguza pale ambapo haraka ingefichua kasoro. Hasimami kati ya mbwa na macho ya mwamuzi. Kama kazi yake imefanyika vyema, mtazamaji humsahau yeye akamkumbuka mbwa tu. Sijui kazi nyingi ambazo ustadi wake hupimwa kwa kusahauliwa.

Jambo jingine lilinishangaza zaidi. Mbwa wenyewe hutengwa kwa jinsi: madume hushindana kwa madume na majike kwa majike, mpaka karibu na mwisho, ambapo washindi wa pande mbili hukutanishwa. Watu hawatengwi. Mzee mwenye mkongojo, mama mwenye viatu vya mpira, kijana aliyevaa tai, msichana wa shule, wote waliingia katika ua mmoja wakapimwa kwa kipimo kimoja. Nilifikiri michezo ya shuleni kwetu, wavulana kwao na wasichana kwao, nikajaribu kukumbuka mashindano mengine ambamo mwanamume na mwanamke husimama sawa namna ile. Nikayapata ya farasi, kisha nikakwama.

Mjomba hakuingia uani. Kwa majuma matatu alikuwa amemfundisha mbwa yule kusimama, akimpa vipande vya maini kila alipotulia. Na asubuhi ile alimwogesha na kumchana tangu saa kumi na moja. Zamu ilipofika, mama wa nyumba alipokea kamba, akamshukuru kwa dhati, akaingia. Mjomba alisimama nje pamoja nami. Mbwa alitembea vizuri upande wa mbali. Alipofika upande wetu aligeuza kichwa, akapunguza mwendo, akavuta kamba kuja kwetu. Mwamuzi akawaomba warudie. Wakarudia, na mbwa akageuza kichwa pale pale. Mjomba alipoona hivyo alinishika mkono, tukaondoka tukajificha nyuma ya gari, ili mbwa amsahau apate kushinda. Alipewa nafasi ya tatu. Njiani nilimwuliza kwa nini hakuomba kumshika yeye mwenyewe, maana hapana sheria iliyomzuia. Mwenye mbwa anaweza kumkabidhi kamba mtu yeyote amtakaye. Alicheka, akasema, "Mpwa wangu, risiti ina jina lake. Tatizo ni kwamba mbwa hajui kusoma risiti."

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu hapo mwenye jina alikuwa mwanamke na mwenye mkono alikuwa mwanamume, kinyume cha desturi ya kwetu Ahero. Msomaji asidhani basi kwamba habari yangu ni ya wanaume kuwadhulumu wanawake, na kwisha. Ni habari ya jina na mkono. Walakini nilipoanza kusoma historia ya maonyesho haya niliona kwamba kwa muda mrefu mwenye kunyimwa jina, mara nyingi sana, alikuwa mwanamke.

Chama cha kwanza cha kusimamia mambo ya mbwa, Kennel Club cha London, kiliundwa mwaka 1873 na kundi dogo la mabwana. Waliandika kanuni, wakafungua daftari la kuorodhesha mbwa na vizazi vyao, na nchi nyingi zikafuata mfano wao. Wanawake walifuga, wakazalisha, wakaleta mbwa wao maonyeshoni, wakashinda. Na chama kikapokea ada zao. Lakini uanachama kamili, yaani haki ya kuketi na kupiga kura juu ya kanuni zile, ulibaki kwa wanaume. Katika ua wa nyasi palikuwa na usawa, na katika chumba cha mikutano hapakuwa.

Huko Marekani, katika maonyesho makuu ya Westminster mjini New York, yaliyoanza mwaka 1877, ilichukua mpaka 1935 kwa mwanamke kushika kamba ya mbwa aliyetangazwa bora kuliko wote. Alikuwa Bibi Hayes Blake Hoyt, na mbwa alikuwa wake mwenyewe, wa aina ya pudo, yule mwenye manyoya ya kunyolewa kwa mitindo. Lakini kuna tofauti kati ya kumshika mbwa wako na kulipwa ili ushike mbwa wa mwingine. Kazi ya kulipwa ilihesabiwa kuwa ya wanaume, kwa hoja kwamba ina safari nyingi, kubeba vizimba, na kulala popote. Mwaka 1956 Anne Rogers, mshika kamba wa kulipwa, alishinda taji lile la Westminster akiwa na pudo mdogo mweupe aitwaye Wilber White Swan, akawa mwanamke wa kwanza wa kazi hiyo kulipata. Akalipata tena mwaka 1959, na tena mwaka 1961. Mwaka 1978 alirudi katika ua uleule akiwa mwamuzi wa taji hilo.

Aliyenivutia kuliko wote ni Bibi Florence Nagle wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1894 akafariki mwaka 1988. Alifuga mbwa warefu wa Ireland waliotumiwa zamani kuwinda mbwa mwitu, na mwaka 1960 mbwa wake Sulhamstead Merman alitangazwa bora kuliko wote katika maonyesho ya Crufts, ambayo wakati huo yalikuwa yakiendeshwa na Kennel Club yenyewe. Tafakari jambo hilo kidogo. Chama kilimpa mbwa wake taji kubwa kuliko yote ya nchi ile, nacho hakikumkubali yeye kuwa mwanachama kamili.

Bibi huyo alikuwa pia na farasi wa mashindano. Aliwafundisha mwenyewe, lakini leseni ya kufundisha ilikuwa na jina la mwanamume aliyekuwa mwajiriwa wake, kwa kuwa chama cha farasi, Jockey Club, hakikuwapa wanawake leseni. Alikwenda mahakamani. Mwaka 1966 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kesi yake ina msingi na isikilizwe, na chama kikaona heri kumpa leseni kuliko kuendelea kubishana. Kisha, akiwa amepita miaka 80, aligeukia wale wa mbwa akawapeleka mbele ya baraza la sheria. Mwaka 1979 milango ya Kennel Club ikafunguliwa kwa wanawake, miaka 106 tangu kilipoundwa. Nimewasomea wanafunzi wangu habari hii mara kadhaa, na kila mara wapo wanaocheka kwamba bibi mzee apigane kwa ajili ya mbwa. Huwaacha wacheke. Kisha huwauliza ni jina la nani lililoandikwa katika hati ya shamba ambalo mama zao hulima.

Kuna hadithi moja zaidi ya mbali, na hii inaturudisha upande wetu wa Afrika. Yuko mbwa aitwaye basenji, wa asili ya misitu ya Kongo na nchi za jirani, mwenye manyoya mafupi, masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja kama pete. Habweki kama mbwa wengine, hutoa sauti kama ya mtu ajaribuye kuimba. Jina lake lina asili moja na neno letu "washenzi". Yaani neno lenye maana ya ushenzi ndilo Wazungu waliloliandika kuwa jina la ukoo. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa London, wakafa kwa ugonjwa. Walioweza hatimaye kuwaimarisha huko Uingereza walikuwa wanawake: Bibi Olivia Burn, aliyewaonyesha Crufts mwaka 1937, na Veronica Tudor-Williams, aliyefunga safari mwaka 1959 mpaka kusini mwa Sudan kutafuta damu mpya ya mbwa hao, akarudi na jike mmoja aliyemwita Fula. Leo basenji ana maelezo yake yaliyoandikwa na taji zake. Mbwa wetu wa Ahero, ambaye ukimtazama kwa upendo kidogo yafanana naye kama binamu, hajaandikwa popote.

Nikisimulia haya, wapo wanaoniambia kwamba sababu ni maumbile: mwanamke ana upole, mbwa hupenda upole. Wengine husema kinyume, kwamba mbwa mkali ahitaji nguvu za mwanamume. Siamini lolote kati ya hayo mawili. Nimewaona wanawake ambao mbwa huwakimbia, na nimemwona mjomba. Katika viwanja vyetu vya ndege na bandari wako mbwa waliofunzwa kunusa pembe za ndovu. Shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mwaka 2014 mpango wa kuwafundisha karibu na Arusha, pamoja na washika kamba wao, wanaume kwa wanawake. Huko mtu hukaa na mbwa wake majuma mengi, humlisha, humchezea, hujifunza kutambua badiliko dogo la mkia au la pumzi linalosema, "hapa pana kitu". Mbwa akipewa mtu mwingine ghafula, kazi huharibika, hata kama huyo mwingine ana nguvu kama fahali. Mbwa huhesabu siku ulizokaa naye. Hesabu yake ni hiyo tu, wala haina jinsi.

Sasa nirudi Ahero, ambako habari hii si ya taji.

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ni wa zamani duniani, na dawa ya kuukinga mwilini mwa aliyeumwa imekuwapo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto mmoja huko Ufaransa mwaka 1885. Nchini Kenya ulithibitishwa kwa mbwa mwaka 1912. Dalili zikishatokea kwa mtu, aghalabu haponi. Karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani waliumwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kuutokomeza kufikia 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka. Idadi hiyo ikifikiwa ugonjwa hukosa njia ya kupita. Hivyo kazi yote ya wataalamu, maabara na fedha, mwishowe humtegemea mtu mmoja mwenye kamba mkononi, awezaye kumfanya mbwa atulie kwa muda wa sindano moja.

Katika kijiji kimoja jirani na shule yetu mtoto wa miaka tisa aliumwa mguuni. Jeraha lilikuwa dogo, likaoshwa kwa maji tu, likapona. Baada ya miezi miwili alikataa maji ya kunywa, akawa anaogopa hata upepo wa mlango. Sitaeleza siku zake za mwisho, kwa sababu wazazi wake wangali wanaishi nasi. Mbwa aliyemwuma hakuwa mbwa wa porini. Alikuwa na mwenyewe. Siku ya chanjo, miezi michache kabla, mwenyewe alifika uwanjani peke yake, akasema mbwa amemshinda, amekata kamba. Watu walicheka, akacheka pia, akarudi nyumbani. Mkewe, ambaye mbwa yule alimfuata kila asubuhi mpaka mferejini, alikuwa sokoni siku hiyo akiuza mchele. Tangazo la chanjo lilikuwa limetolewa barazani, na barazani waliohudhuria walikuwa wanaume. Yeye alipata kuisikia habari hiyo jioni.

Mwaka uliofuata daktari wa mifugo alikuja shuleni kutuomba msaada. Tulitangaza tena, safari hii katika madarasa, sokoni, mferejini wanapochota maji, na makanisani. Siku ya chanjo ilikuwa Jumamosi. Mimi nilipewa meza chini ya mti na rundo la kadi, niandike. Saa mbili walikuja wanaume wachache, baadhi na mbwa, baadhi na maelezo. Kuanzia saa nne uwanja ulijaa. Mbwa walikuja kwa kamba za katani, kwa vipande vya kanga vilivyosokotwa, kwa mnyororo wa baiskeli. Mmoja alikuja ndani ya gunia la mchele, kichwa nje, ametulia kama abiria. Watoto wawili walimleta wao juu ya wilbaro. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda sokoni waliweka mizigo chini, wakashika. Nilikumbuka nyasi za Jamhuri Park, nikaona kwamba hapa pia mwamuzi yupo, na anachokitazama ni kama kamba imelegea.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha kwanza alileta mbwa wa rangi ya udongo. Alipiga goti, akamkumbatia shingo kwa mkono mmoja, akamfunika jicho kwa mwingine, akamnong'oneza. Sindano iliingia na kutoka, naye mbwa hakujua. Nilichukua kadi.

"Jina la mwenye mbwa?"

Akataja jina la babu yake. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi juu ya jiwe hapo karibu, amesimamisha fimbo yake.

"Mwalimu," akasema, "andika lake. Mimi huyu huning'ata."

Daktari akaeleza kwa adabu kwamba kadi hutaka jina la mtu mzima, ili mbwa akiuma ijulikane ni nani wa kutafutwa.

"Basi, daktari, andikeni yote mawili. Mkinitafuta mimi, mtanikuta sijui mbwa alipo."

Kadi ilikuwa na mstari mmoja, tena mfupi. Niliandika jina la mzee juu ya mstari, na la msichana chini yake kwa herufi ndogo, nikampa kadi. Akaisoma kwanza, halafu akaikunja akaitia mfukoni mwa sare. Daktari akampaka mbwa rangi ya bluu mgongoni, alama ya waliochanjwa.

Aliyefuata alikuwa mbwa mkubwa, mweusi, na aliletwa na wanaume wawili waliomburuta kwa kamba mbili, kila mmoja upande wake. Alikuwa amekaza miguu minne ardhini, na povu la hasira limemtoka. Watu walisogea nyuma. Daktari alimtazama kidogo, kisha akairudisha sindano katika sanduku la barafu.

"Huyu hula kwa nani?" akauliza.

Wale wanaume wakatazamana. Mmoja akafunga kamba yake katika mti, akatoka mbio kuelekea sokoni.